Wakuu, hivi New South Wales wanawake walichukuaje ubingwa mara 20? Naomba historia ya hii timu

kriketi_Ngarenaro ameandika:

Wakuu habari za muda huu. Mimi kriketi ya wanawake nilianza kuifuatilia kupitia yale mashindano ya Kwibuka kule Kigali, alafu nikawa nawaangalia Australia kila kombe la dunia likifika. Sasa kuna kitu nimekiona, ukiwachunguza wale wachezaji wao wakubwa, Alyssa Healy, Ellyse Perry, Ash Gardner, Rachael Haynes, Alex Blackwell, ukirudi nyuma unakuta karibu wote wamepitia jimbo moja, New South Wales, timu yenyewe inaitwa Breakers.

Nikaenda kutafuta orodha ya mabingwa wa ligi yao ya majimbo, ile WNCL ya ova 50 (ova moja ni mipira 6), toka ianze msimu wa 1996-97. Jamani! Misimu 23 ya kwanza hawa wamebeba 20, na hapo katikati kuna kipande wamechukua mara 10 mfululizo bila mtu kuwagusa, 2005-06 mpaka 2014-15. Mi sijawahi kuona ligi ya mchezo wowote ule ikawa hivyo.

Alafu kilichonichanganya zaidi, baada ya 2018-19 ghafla kimya, naona Western Australia, naona Queensland, naona Tasmania mara 3 mfululizo. Imekuwaje? Kama ni hela, mbona hela ndio imeongezeka miaka hii? Kama ni wingi wa watu, Sydney si bado ipo pale pale? Anayeijua hii timu toka mwanzo anisaidie, na mwanzo wake pia nautaka, sio WNCL tu.

---

MamaZuu_Sydney amejibu:

Mdogo wangu umeuliza swali zuri sana na mimi ni mtu wa kukaa kwenye nyasi pale North Sydney Oval kila nikipata nafasi, ngoja nikupe ninachokijua, itakuwa ndefu kidogo vumilia.

Wanawake wa hapa kucheza kriketi sio jambo la juzi. Mwaka 1886 kwenye uwanja wenyewe mkubwa wa Sydney, SCG, zilipambana timu mbili za wasichana, Fernleas na Siroccos, na manahodha walikuwa ndugu wa tumbo moja, Nellie na Lily, mabinti wa mzee Ned Gregory. Huyu mzee ndiye aliyekuwa anautunza ule uwanja, na kabla ya hapo alicheza ile mechi ya testi (ile ndefu ya siku kadhaa ya timu za taifa) ya kwanza kabisa duniani, Melbourne 1877, ambayo alitolewa bila rani, yaani pointi, hata moja na akawa mtu wa kwanza kupata sifuri kwenye testi. Kaka yao Syd Gregory baadae akawa nahodha wa Australia. Kwahiyo unaona hao mabinti wamekulia pale pale uwanjani, mpira na gongo ni vitu vya nyumbani kwao.

Ila timu ya jimbo kama timu ya jimbo, yenye chama na ratiba, hiyo ina jina la Margaret Peden. Yeye na mdogo wake Barbara, baba yao alikuwa profesa wa sheria chuo kikuu cha Sydney, Barbara mwenyewe akaja kuwa msanifu majengo. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Margaret ndiye aliyehangaika mpaka chama cha kriketi cha wanawake cha New South Wales kikasimama, na Machi 1931 majimbo matatu, New South Wales, Victoria na Queensland, yakakutana hapa Sydney kwa mashindano ya kwanza ya majimbo, na ndipo baraza la taifa la kriketi ya wanawake likazaliwa. Miaka mitatu mbele, tarehe 28 Desemba 1934, Brisbane, ikachezwa testi ya kwanza ya wanawake duniani, Australia na Uingereza, na nahodha wa Australia ni huyo huyo Margaret Peden. Walichapwa vibaya, zamu ya kwanza wote walitoka kwa rani 47, yule Myrtle Maclagan wa Uingereza alichukua wiketi 7, yaani aliwatoa wapigaji 7, kwa rani 10 tu. Lakini walicheza! Na 1937 wakapanda meli kwenda Uingereza, kila mchezaji akijitafutia nauli yake mwenyewe, na wakashinda testi yao ya kwanza kule Northampton kwa rani 31, nahodha bado ni Margaret.

Nakuelezea haya makusudi, maana watu wakisikia makombe 20 wanadhani kuna tajiri mahali alimwaga pesa. Hakuna. Kwa miaka mingi sana kilichokuwepo ni wanawake waliojipanga wenyewe, vilabu vya mtaani vinavyocheza kila wikiendi, daraja la kwanza la pili la tatu, msichana anaanza chini anapanda, na akistaafu anarudi kuwa kocha au katibu wa kilabu. Ndio maana ligi ya taifa ilipokuja 1996-97 New South Wales walikuwa tayari, wakachukua 6 za kwanza moja kwa moja.

Na katika hizo 6 mtu wa kumtaja ni Belinda Clark, binti wa Newcastle, huku kaskazini ya Sydney. Huyu ndiye aliyepiga rani 229 bila kutolewa dhidi ya Denmark, Mumbai, Desemba 1997, double sencheri (rani 200) ya kwanza kwenye mechi za kimataifa za siku moja, wanaume na wanawake pamoja, wanaume walisubiri mpaka 2010 kwa Tendulkar. Sasa sikiliza hili: kazi yake ya kusomea ni mtaalamu wa viungo, na toka 2000 alikuwa mtendaji mkuu wa chama cha taifa cha kriketi ya wanawake huku huku ni nahodha wa timu ya taifa! Mchana yupo ofisini anapanga safari za timu, jioni yupo mazoezini na timu hiyo hiyo. Januari 2023 wakamwekea sanamu pale SCG, ya kwanza duniani ya mwanamke mchezaji kriketi. Siku ya kwanza kuiona nilisimama nayo nikamwonyesha binti yangu jina lililoandikwa pale chini, akaniuliza mbona nyingine zote ni wanaume. Nikamwambia ndio hivyo mwanangu, wameanza sasa.

---

Jangwani_Muscat amejibu:

Dada MamaZuu ahsante sana, hiyo ya 1937 ya kujilipia nauli imenigusa.

Mi naomba niongezee upande wa hela sababu mkuu wa Ngarenaro ameuliza na jibu lake lipo ila limegeuka kinyume na watu wanavyofikiri. Wakati Breakers wanabeba zile 10 mfululizo, wachezaji walikuwa na kazi nyingine. Alex Blackwell, nahodha, alikuwa anafanya kazi ya ushauri wa magonjwa ya kurithi hospitali, anaonana na wagonjwa alafu anaenda mazoezini. Na majimbo mengine hali ilikuwa ile ile. Sasa pale ambapo wote mnacheza bila mshahara wa maana, anashinda nani? Anashinda mwenye vilabu vingi, mwenye wasichana wengi karibu karibu, mwenye utaratibu uliozoeleka. Hapo New South Wales hawana mpinzani. Msichana wa Sydney anaweza kukaa kwao, asome, afanye kazi na acheze kiwango cha juu bila kuhama. Wa Hobart au Perth unamwambia nini, ahamie wapi na atakula nini?

Alafu 2016 ikaja kampuni ya ujenzi Lendlease ikadhamini, na Breakers wakawa timu ya kwanza ya wanawake Australia kwenye ligi ya ndani kuwa ya kulipwa kamili, kima cha chini dola 35,000 za kwao kwa msimu. Mwaka uliofuata, 2017, chama cha taifa na umoja wa wachezaji wakaja na mkataba mpya, fungu la wanawake likatoka dola milioni 7.5 mpaka milioni 55.2. Hapo ndipo mchezo ulipobadilika sababu sasa majimbo YOTE yanalipa. Breakers walibeba mara tatu za mwisho, 2016-17, 17-18 na 18-19, na baada ya hapo geti likafunguka.

Kwahiyo mkuu hela haikuwajenga New South Wales. Hela iliwajenga wengine mpaka wakawafikia. Na mimi naona ni jambo jema kabisa, hata kama wewe ni shabiki wa Breakers.

---

Otieno_wa_Kisumu amejibu:

Wadau mnaongea Breakers na hamjamtaja Lisa Sthalekar? Huyu ana kitu na sisi huku. Alizaliwa Pune India 1979, akawekwa kituo cha watoto, familia moja ikamchukua akiwa mdogo sana, wakaenda Marekani, wakapitia Kenya, ndio wakatua Sydney akiwa bado mtoto wa miaka kama minne. Baba yake ndiye aliyempenyezea huu mchezo, nyuma ya nyumba, na akaanza kwa kucheza na wavulana.

Akaja kuwa nguzo ya New South Wales kwa miaka na miaka, anapiga na anarusha spini (mipira ya kuzungusha), na ndiye mwanamke wa kwanza kufikisha rani 1,000 na wiketi 100 kwenye mechi za kimataifa za siku moja. Fainali ya kombe la dunia 2013 Mumbai dhidi ya West Indies, wiketi ya mwisho kabisa ni yeye alieruka akaudaka mpira, mechi ikaisha hapo hapo, na akastaafu. Hebu fikiria umalize mpira wako hivyo, na katika nchi uliyozaliwa.

Mi nikitazama ile clip kila mara naona mikono yake, mpira unakuja chini kabisa na yeye yuko hewani amelala ubavu, anaanguka na bado ameushika. Hiyo haifundishwi siku moja, hiyo ni mazoezi ya kudaka ya miaka.

---

Mzee_wa_Melbourne amejibu:

Nawasalimu wote. Nimeishi Melbourne miaka mingi na naomba haki itendeke hapa, maana mnasoma historia kuanzia 1996 kama vile dunia ilianza hapo.

Kabla ya WNCL kulikuwa na mashindano ya majimbo toka hiyo 1931, timu zinakutana mji mmoja zinacheza zote kwa zote, na kwa sehemu kubwa ya miaka ile Victoria ndio walikuwa wakubwa. Chama cha wanawake cha Victoria ni cha 1905, kimetangulia sana. Na mechi ya wanawake ya kwanza iliyoandikwa Australia ilichezwa Bendigo, Victoria, 1874. Tuliwatoa wachezaji kama Betty Wilson, ambaye Februari 1958 kwenye testi ya St Kilda dhidi ya Uingereza alichukua wiketi 7 kwa rani 7, ndani yake hat-trick (wiketi 3 kwa mipira 3 mfululizo), na kwenye mechi hiyo hiyo akapiga sencheri. Wiketi 11 na rani 100 mechi moja, hakuna mtu alikuwa amefanya hivyo kwenye testi, mwanamume wala mwanamke. Mwanamke huyo alikuwa anafanya kazi ofisini mchana!

Na zile nafasi ambazo New South Wales waliteleza, mkitazama vizuri, 2002-03 na 2004-05 ni Victoria ndio walichukua. Na nani alikuwa amehamia Victoria? Belinda Clark huyo huyo. Upande wa pili wa uwanja Cathryn Fitzpatrick anarusha kwa kasi ambayo miaka ile hapakuwa na mwanamke mwingine wa kumfikia. Kwahiyo MamaZuu nakubaliana na wewe kuhusu vilabu, ila mchezaji mmoja mkubwa akihama anahama na kombe, hilo nalo liandikwe.

---

MamaZuu_Sydney amejibu:

Shikamoo mzee. Nakubali kabisa Betty Wilson hana mfano, na Clark kuhama kuliuma. Lakini mzee na wewe angalia, Clark aliondoka na bado New South Wales walikuwa fainali, kila mwaka! Kuanzia msimu wa kwanza 1996-97 mpaka 2019-20, misimu 24, fainali zote 24 wao wamo. Mchezaji mmoja akihama anaweza kuondoka na kombe moja au mawili, ila kufika fainali miaka 24 bila kukosa hiyo ni kazi ya mfumo, kuna watu wako nyuma hawaonekani kwenye televisheni.

Na mfumo wenyewe sio Sydney peke yake. Mapacha Alex na Kate Blackwell wamekulia Yenda, mji mdogo wa mashamba kule ndani karibu na Griffith, na wote wawili wakachezea jimbo na taifa. Clark ni wa Newcastle. Gardner ana damu ya Muruwari, wenyeji wa asili wa nchi hii, na 2023 pale Trent Bridge, Uingereza, alichukua wiketi 8 kwa rani 66 kwenye zamu moja ya testi. Alafu Healy na Perry, hawa wamecheza pamoja toka watoto wadogo. Healy 2006 akaingia timu ya kwanza ya wavulana shule ya Barker, binti wa kwanza kucheza kwenye mashindano yale ya shule binafsi za wavulana, magazeti yalichachamaa na wapo waliosema waziwazi sio sawa. Akiwa na miaka 16 tu! Perry naye, miaka 16 pia, Julai 2007 aliitwa timu ya taifa kabla hata hajachezea timu kubwa ya jimbo lake. Ile haitokei kama hakuna mtu aliyekuwa anawaangalia wasichana wa chini kwa makini.

---

Jangwani_Muscat amejibu:

Na Perry nae baadae akahamia Victoria, 2019, mzee wa Melbourne hajasema hilo kwa unyenyekevu tu 😄

Ila wakuu mnataka kuona jinsi mambo yalivyogeuka, katafuteni fainali ya Februari 2023, Hobart, Tasmania na South Australia. Ova ya mwisho South Australia wanataka rani 4 tu, mipira 6, wiketi 5 mkononi, yaani bado watu 5 wa kutolewa. Nani angeweka dau kwa Tasmania? Anarusha Sarah Coyte. Mpira wa kwanza wiketi. Zikaendelea kuanguka, huyu amebolewa, yule amekimbia hovyo amekamatwa nje, ova inaisha wiketi zote 5 zimeondoka na Tasmania wameshinda kwa rani 1. Moja!

Na Sarah Coyte ni zao la nani? New South Wales, alikuwa Breakers kwenye ile miaka ya kubeba mfululizo. Ndio nilichokuwa nasema juu, zamani mchezaji kama yule akikosa namba Sydney au akichoka anaacha mpira anaenda kazini basi. Sasa kuna jimbo lingine linamlipa, anahamia, anacheza, anawafundisha wadogo wa kule alichojifunza huku. Ukiangalia timu nyingine za ligi ile utakuta wasichana wengi tu waliotokea New South Wales.

---

kriketi_Ngarenaro amejibu:

Nimesoma yote mara mbili. Dada MamaZuu, Jangwani, Otieno, na mzee shikamoo, ahsanteni sana. Nimeelewa kwamba zile 20 ni matunda ya vilabu vya wikiendi vya miaka mingi, na kukauka kwa sasa ni kwamba wenzao nao wamepata nafasi. Sikuwahi kuliangalia hivyo.

Swali moja la mwisho, mtu akiwa huku Arusha anaziangaliaje mechi za WNCL? Maana kwenye ving'amuzi vyetu naona Big Bash tu, ile ligi yao ya ova 20, tena mara moja moja.

---

MamaZuu_Sydney amejibu:

Zinarushwa mubashara kwenye app na tovuti ya Cricket Australia, kamera sio nyingi kama Big Bash ila zinaonekana vizuri na watangazaji wanajua wanachosema, wengine ni wachezaji wa zamani. Msimu unaanza Septemba hivi unaenda mpaka Februari Machi. Shida ni masaa tu mdogo wangu, mechi ikianza saa 4 asubuhi huku kipindi cha kiangazi kwenu inakuwa saa 8 usiku. Usijitese, lala, amka saa 12 asubuhi utakuta zamu ya pili ndio inaanza, na hapo ndipo mechi inapoamuliwa. Wakicheza North Sydney Oval ukiona kamera imepita upande wa nyasi chini ya miti, mimi na binti yangu huwa tupo hapo.